Mstari ulioshinda mbio Ijumaa ukaiangusha hospitali Jumatatu

Saa mbili kasoro robo asubuhi, na Bi Kagua ameshavua viatu. Miguu yake imekaa juu ya boksi tupu la kichapishi, kikombe cha chai kiko mbali na kibodi, na vidole vyake vinafanya kazi ambayo mtu asiyejua angeiita utundu. Anaandika jina la mtu, analiharibu kwa makusudi, kisha analituma kwenye mfumo wa hospitali.

Jina la kwanza lina herufi moja iliyorudiwa mpaka imejaza mstari. La pili limeanza kwa nafasi tupu. La tatu lina tarakimu katikati, kama changarawe kwenye mchele.

"Haya, meza hilo," anaiambia kompyuta.

Kompyuta inalikataa papo hapo. Anapuliza chai, anaharibu jina jingine, linakataliwa nalo. Uso wake unachanua kama wa mama aliyesikia mtoto akitamka neno la kwanza.

Ukimkuta hivi, huwezi kudhani kwamba miezi minne iliyopita mwanamke huyu alikaa kwenye kiti hiki hiki mdomo wazi, akiitazama namba ya simu kwenye skrini na kuomba iwe ya mtu mwingine. Haikuwa ya mtu mwingine.

Bi Kagua si jina alilopewa na wazazi. Ni jina la kazini. Ana umri wa miaka arobaini na moja, ni programa katika kitengo cha kompyuta cha hospitali hii ya mabingwa, na hakuna kipande cha programu kinachoingia kwenye mfumo kabla hajakipekua. Wenzake wanasema hata keki ya siku ya kuzaliwa anaigeuza chini juu kwanza.

Ofisi yao iko ghorofani, juu ya stoo ya dawa. Ni chumba kimoja chenye meza nne, feni inayolalamika, na dirisha linalotazama benchi refu la wagonjwa. Kutoka dirishani unaona vichwa tu: vilivyofungwa vilemba, vyenye upara, na cha mtoto kilicholala begani kwa mtu.

"Dirisha hili ndilo bosi wangu," anasema. "Mfumo ukikwama, sisubiri simu. Nachungulia tu. Nikiona watu wameanza kusimama, najua tumeharibu."

Hakusomea kazi hii tangu mwanzo. Alianza kama karani wa mapokezi hapa hapa, akiandika majina ya wagonjwa kutwa nzima. Masomo ya kompyuta aliyapata jioni, katika chuo ambacho baba yake, fundi cherehani, alikishonea sare za walinzi ili bintiye asomeshwe bila ada. Mzee alishona, binti akasoma. Kuhusu mshahara, Bi Kagua anacheka na kusema wake huisha kabla mwezi haujashtuka, lakini hajawahi kujutia.

Kumbuka habari ya huyo fundi cherehani. Tutarudi kwake, na kwa mshtuko.

Ili kuelewa kilichotokea, inabidi kujua jambo moja dogo. Mgonjwa akitaka miadi, anafungua ukurasa wa hospitali kwenye simu, anaandika namba yake ya simu na jina lake, na kubonyeza "Tuma". Kabla mfumo haujalipokea jina, unalikagua: je, hizi ni herufi na nafasi za kawaida, au mtu ameandika vurugu?

Kwa miaka sita ukaguzi huo ulifanywa na kipande cha msimbo alichokiandika Bi Kagua mwenyewe, hatua kwa hatua. Kilianzia herufi ya kwanza, kikaiuliza wewe ni nani, kikaenda ya pili, ya tatu, mpaka mwisho. Kikikuta kitu kisichotakiwa, kilisimama hapo hapo na kusema hapana. Kilikuwa kirefu, kimejaa "kama hivi, basi vile", na hakuna aliyekipenda isipokuwa mama yake mzazi, yaani yeye.

Kisha akaajiriwa kijana wa miaka ishirini na minane, mchapakazi, mcheshi, mwenye ugonjwa wa kufupisha kila kitu. Ofisi nzima inamwita Mstari Mmoja. Siku alipokiona kile kipande, alishika kichwa.

"Dada, huu ni msimbo au ni wosia?" aliuliza. "Hii kazi ni ya rejeksi. Mstari mmoja tu, tunakwenda nyumbani."

Rejeksi, kwa wasiojua, ni mstari mfupi wa alama unaoeleza maandishi yanayokubalika yana sura gani. Huiambii kompyuta ipite wapi. Unaionyesha sura, nayo inajitafutia njia yenyewe. Programa wengi wanaipenda kwa sababu inaokoa kuandika sana, na ukweli usemwe, mara nyingi inakwenda kasi.

Ubishi ulianza hapo. Mstari Mmoja alisema rejeksi yake ni nyepesi na itakimbia kuliko ule wosia. Bi Kagua alisema hakubali maneno, anakubali mbio. Wakawekeana dau: atakayeshindwa ananunua chai ya ofisi nzima kwa wiki.

Mbio zilifanyika Ijumaa, baada ya chakula cha mchana. Mkuu wa kitengo mwenyewe aliburuta kiti akaja kutazama, mzee wa makamo asiyecheka ovyo, lakini siku hiyo alikuwa akisugua viganja kama mtu aliyeko uwanjani.

Kabla ya kuanza, Bi Kagua aliukagua mstari wa mwenzake, akakuta kasoro. Ulikuwa unakubali majina mawili tu.

"Nilimwambia, wewe, kuna watu wana majina manne, matano," anakumbuka. "Mtu ana jina lake, la baba, la babu, na la ukoo. Unamwacha wapi? Nikachukua kibodi, nikaufunga mstari wake kwenye mabano, nikaongeza alama ya kujumlisha nje. Maana yake, rudia hili mara nyingi upendavyo. Na kila jina tayari lilikuwa na alama yake ya kurudia ndani. Kurudia ndani ya kurudia. Nikajiona nimewatendea watu wema."

Anavuta kikombe karibu, hanywi.

"Ile alama niliiongeza mimi. Kwa kidole changu hiki."

Wakahitaji majina ya kukimbizia. Wakayachota kwenye kumbukumbu za hospitali: majina laki kadhaa ya wagonjwa halisi waliowahi kujiandikisha. Wote watatu waliridhika. Kipimo gani kingekuwa cha haki kuliko majina ya watu wenyewe?

Rejeksi ilishinda. Ilimaliza karibu kwa nusu ya muda wa kile kipande kirefu. Wakarudia, ikashinda tena. Mstari Mmoja alipanda juu ya kiti, mkuu wa kitengo akapiga makofi, na Bi Kagua, kwa uungwana, akatia idhini yake mstari uingie kwenye mfumo. Kisha akashuka kununua maandazi.

Hakuna hata mmoja wao aliyejiuliza swali ambalo leo linawafanya watazamane chini. Yale majina yaliyokimbizwa yalikuwa yamefikaje kwenye kumbukumbu? Yalikwisha kupita mbele ya kile kipande cha zamani. Kila jina bovu lilikataliwa mlangoni miaka yote hiyo, halikuhifadhiwa. Kwa hiyo walikuwa wamempima mlinzi mpya kwa watu ambao mlinzi wa zamani alishawaruhusu. Hapakuwa na hata jina moja lenye kasoro kati ya laki zote zile.

"Nikilifikiria mpaka leo nywele zinanisimama," anasema. "Mimi! Mimi ninayegeuza keki!"

Jumatatu iliyofuata ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Siku hiyo, saa mbili asubuhi, hufunguliwa miadi ya daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, ambaye huja hospitalini hapo mara moja tu kwa mwezi. Nafasi zake huisha kabla ya saa nne. Watu hukaa na simu mkononi kama wanaosubiri kufunguliwa kwa geti.

Saa mbili ilipita salama. Mstari mpya ulikuwa ukichapa kazi, na Mstari Mmoja akawa anapiga mluzi. Haikupita robo saa, kichwa kimoja kikainuka kwenye benchi. Kikafuata cha pili. Kufumba na kufumbua, benchi zima lilikuwa limesimama.

Simu za ofisini zikaanza kulia zote kwa pamoja. Mapokezi hawawezi kumwandikisha mtu. Wodi ya wazazi haioni orodha. Maabara haioni chochote. Mfumo wote wa hospitali ulikuwa hai lakini haujibu, kama mtu aliyekutumbulia macho bila kusema.

"Nilikimbilia chumba cha seva," anasimulia. "Feni zake zilikuwa zinapiga kelele, sijapata kusikia. Nikagusa kasha, la moto. Inafanya kazi kwa nguvu zake zote, lakini kazi gani? Hakuna anayepata jibu!"

Waliizima, wakaiwasha. Ikaamka, ikahudumia watu kwa dakika chache, ikakwama tena. Mara hii mkuu wa kitengo alikuwa ameshapata jibu lake.

"Tunashambuliwa," alisema. "Kuna mtu anatuangusha kwa makusudi."

Na kweli, kumbukumbu za seva zilionekana kumuunga mkono. Muda mfupi kabla ya kila kukwama, namba moja ya simu ilikuwa imetuma ombi lile lile, tena na tena na tena, kama mtu anayegonga mlango kwa hasira. Jina lililoandikwa lilikuwa la ajabu: maneno mawili yanayosomeka, kisha herufi "a" iliyorudiwa karibu mara arobaini, na mwishoni tarakimu moja.

"Hii si binadamu, hii ni programu ya mhalifu," mkuu wa kitengo alisema. "Fungia namba hiyo sasa hivi. Na uniandikie, naipeleka kwa polisi wa mitandao kabla ya saa nne."

Bi Kagua akasogea aisome namba hiyo ili aifungie. Akasoma tarakimu tatu za mwanzo. Akasoma tatu zilizofuata. Za mwisho hakuzisoma, maana alizijua kwa moyo.

Ilikuwa namba ya baba yake.

Mwandishi wa makala haya alimuuliza alijisikiaje wakati huo.

"Nilidhani nimesoma vibaya. Nikasoma tena. Nikasema labda wameiba simu ya mzee. Nikatazama lile jina, yale maneno mawili ya mwanzo. Jina la baba, na la babu."

Alitoka bila kuaga, akakaa kwenye ngazi, akapiga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Afadhali umepiga. Hiki kitu chenu kibovu."

"Kitu gani, baba?"

"Hiki cha miadi. Nimeandika jina, kinazunguka tu, kinazunguka. Nabonyeza, kinazunguka. Nimebonyeza mpaka kidole kimechoka."

"Baba, si mimi huwa nakuandikisha?"

"Sikutaka kukusumbua. Najua Jumatatu una shughuli nyingi."

Mzee huyo ana umri wa miaka sabini na mbili. Mikono iliyokuwa ikitunga uzi kwenye sindano bila miwani sasa inatetemeka kwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Bingwa yule wa mara moja kwa mwezi ndiye daktari wake. Jina la babu yake Bi Kagua linaishia kwa herufi "a", na mzee alipofika hapo, kidole kilimlalia kwenye herufi hiyo kikagoma kunyanyuka. Kilipotoka, kikateleza kwenye tarakimu. Macho yake hayaoni vizuri maandishi madogo. Akabonyeza "Tuma".

Programu ya mhalifu, kumbe, ilikuwa kidole cha mgonjwa akiomba kuonana na daktari.

Bi Kagua alirudi ofisini. Lakini bado kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakukielewa. Jina baya linaiangushaje hospitali nzima? Si likataliwe tu? Akafungua kompyuta yake ya majaribio, akaweka ule mstari mpya peke yake, akaandika jina la baba yake kama lilivyotumwa.

Kompyuta ikanyamaza. Feni yake ikaanza kupiga kelele ile ile aliyoisikia kwenye chumba cha seva.

Akapunguza herufi, akajaribu. Akaongeza moja, akajaribu. Na hapo ndipo, anasema, alipoliona. Kila alipoongeza herufi moja, muda uliongezeka mara mbili.

Mwandishi wa makala haya alipoelezwa hivyo, alidhani habari imetiwa chumvi. Bi Kagua hakubishana. Alimwekea mstari ule kwenye kompyuta isiyounganishwa na kitu chochote, akamwambia aandike mwenyewe. Kwa herufi ishirini na tarakimu mwishoni, jibu lilikuja mara moja. Ishirini na tano, kukawa na kusita kidogo. Thelathini, tukakaa karibu dakika nzima tukitazamana. Thelathini na tano, tukashuka kunywa chai, tukapiga soga, tukarudi. Bado ilikuwa inahangaika.

"Na arobaini?"

"Arobaini nenda nyumbani, urudi kesho."

Sababu yake ameieleza kwa mfano wa mlinzi. Mpe mlinzi foleni ya watu, mwambie aigawe katika makundi, kundi lolote, ukubwa wowote, ilimradi wote wapite. Foleni ikiwa njema, anaipitisha yote mara moja, na kwa kasi kweli. Lakini wa mwisho akiwa hana tiketi, mlinzi huyu hasemi hapana. Anadhani kosa liko kwenye namna alivyogawa makundi. Anarudi nyuma, anagawa upya. Inashindikana. Anagawa upya tena. Hatakubali mpaka amejaribu kila namna iliyopo duniani, na kila mtu mmoja anapoongezeka kwenye foleni, namna hizo zinakuwa maradufu.

Seva ya hospitali ina wahudumu wachache wa kupokea maombi. Kila mara mzee alipobonyeza "Tuma", mhudumu mmoja alizama kwenye kugawa makundi asirudi. Mzee akabonyeza tena. Akazama mwingine. Alipochoka kidole, hakuna mhudumu aliyebaki kwa ajili ya mtu yeyote.

Na kile kipande kirefu cha zamani, ule wosia? Alikijaribu pia asubuhi ile. Kilitembea herufi moja moja, kikakuta tarakimu, kikasema hapana. Kilimaliza kabla hajatoa kidole kwenye kibodi.

Mkuu wa kitengo alikuwa ameshashika simu ya mezani, tayari kuzungumza na polisi, Bi Kagua aliposimama mbele yake.

"Weka simu chini, mkuu. Hakuna mhalifu."

"Namba si hii hapa?"

"Hiyo namba ni ya baba yangu."

Mstari Mmoja, anasema, alicheka kicheko kifupi cha mtu aliyepigwa na butwaa, kisha akaziba mdomo alipoona hakuna anayecheka.

"Baba yako anatushambulia?" mkuu wa kitengo aliuliza.

"Baba yangu ni mgonjwa wetu. Anatetemeka mikono. Kilichotuangusha ni ule mstari, na alama iliyouharibu niliiweka mimi."

"Lakini mstari ulishinda mbio!" Mstari Mmoja alisema, karibu kwa kulia. "Tuliona wote!"

Mkuu wa kitengo aliirudisha simu polepole mahali pake. Alikuwa amebakiza dakika chache tu kumkabidhi mzee wa miaka sabini na mbili kwa polisi, kwa kosa la kuumwa.

Walikirudisha kile kipande cha zamani. Mfumo ukapumua. Vichwa vikaanza kushuka, kimoja kimoja, kwenye benchi.

Hata hivyo, hapo si mwisho wa habari. Nafasi za bingwa zilipofunguliwa upya, watu walizirukia. Namba ya mzee, ambayo Mstari Mmoja aliifungia wakati Bi Kagua yuko kwenye ngazi, ilikuwa bado imefungiwa na hakuna aliyekumbuka kuifungua mpaka mchana. Bi Kagua angeweza kumchomeka baba yake kwenye orodha kwa mkono. Ana funguo zote za mfumo ule.

"Nilifungua orodha, nikaweka kidole. Nikachungulia dirishani, nikawaona wale watu. Nimewasimamisha asubuhi nzima kwa alama yangu. Halafu niwapite kwa mlango wa nyuma? Nikafunga."

Mzee hakumwona daktari mwezi ule. Dawa yake ilikuwa inahitaji kuongezwa, na haikuongezwa. Wiki ya tatu alishindwa kufunga vifungo vya shati, yeye aliyeshona vifungo maisha yake yote. Bi Kagua alimfungia kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, wote wawili wakitazama pembeni. Anaposimulia hapa, machozi yanamtoka, na hayafuti.

Kazini alipewa onyo la maandishi. Hatii tena idhini peke yake, lazima wawe wawili. Mstari Mmoja aliomba msamaha mara nyingi mpaka ikawa kero, na hajaacha kununua chai.

Je, sasa anaichukia rejeksi? Swali hilo linamfanya aketi wima.

"Hapana, usiniandikie hivyo! Rejeksi haina kosa. Ukiiandika vizuri bila kurudia ndani ya kurudia, ni nzuri na inakimbia. Mle ndani tunazo nyingi tu. Kosa letu tulipima kasi ya kusema ndiyo. Hatukupima kasi ya kusema hapana."

Baba yake alipoelezwa yote hayo alimshangaa. "Yaani suti mmeipima kwa watu waliokwisha kuivaa ikawatosha?" aliuliza, akacheka mpaka akakohoa. "Nyinyi mngeshona kwangu, ningewafukuza siku hiyo hiyo."

Ndiyo maana leo, Jumatatu nyingine ya kwanza ya mwezi, Bi Kagua amevua viatu na anaharibu majina. Ameshajenga ghala lake la majina mabovu: yaliyorudiwa, yaliyokatika, yenye mikia ya tarakimu. Hakuna mstari wala kipande kinachoingia kwenye mfumo siku hizi bila kupitishwa humo. Ghala hilo ofisini wanaliita Kidole cha Mzee.

Saa mbili kamili, miadi inafunguliwa. Chai imepoa. Mstari Mmoja amesimama nyuma ya kiti chake, hapigi mluzi. Kuna mgonjwa mmoja ambaye tangu miezi ile amekataa katakata kuandikishwa na bintiye.

Mara jina linaingia. Maneno mawili yanayosomeka, kisha herufi "a" zimejipanga kama shanga, na tarakimu mwishoni. Bi Kagua anashika ukingo wa meza. Huwezi kumlaumu, hata aliyekuja kuandika habari tu amezuia pumzi.

Linakataliwa papo hapo. Mfumo haujatikisika.

Linaingia tena, limepinda vingine. Linakataliwa. La tatu, herufi ni chache, lakini kuna nyota katikati. Linakataliwa. La nne nalo vivyo hivyo. Nafasi za bingwa zinapungua kwenye skrini, watu wengine wanazichukua mbele ya macho yake, na kidole cha Bi Kagua kinaelea juu ya kibodi, kinatamani. Anakirudisha mapajani.

Mara ya tano, jina linaingia likiwa safi. Linapita. Nafasi ni ya mzee.

Mstari Mmoja anapiga kelele mpaka mapokezi wanapiga simu kuuliza kuna nini. Simu ya Bi Kagua nayo inalia. Anaiweka sauti ya juu, wote wasikie.

"Shikamoo baba. Nimeona. Umepata!"

"Marahaba mama. Nimepata. Mara nne mashine yako imenikataa, tena upesi, haina hata aibu."

"Ndivyo tulivyoitengeneza, baba."

"Hongera. Umeifundisha kunikataa vizuri." Mzee anavuta pumzi, na katika simu unasikia kitu kinagongagonga kidogo, pengine ni mkono wake na meza. "Sasa ifundishe kunipokea."

Bi Kagua anaitazama simu kama alivyoitazama ile namba kwenye skrini siku ile.

Kisha anavaa viatu, anavuta kiti karibu na meza na kufungua ukurasa mtupu. Anataka mfumo uone herufi arobaini zilizojipanga, ujue hapo palikuwa na kidole kilichochoka, na umuulize mwenye kidole kwa upole kama jina lake ni hili. Anasema hajui kama utakuwa mstari mmoja au wosia. Anaanza kuandika, na jina la kwanza analoliweka la kujaribia ni la baba yake, kama lilivyokuja, na herufi zake zote.